Mguu Juu ya Kreti: Jumamosi ya Maonyesho Queensburgh

Kama umewahi kuishi Durban utakubaliana nami kwamba mji huu haukujengwa kwa ajili ya mtu mwenye mguu mbovu. Ukiacha ufukweni na katikati ya mji, kwingine kote ni kupanda na kushuka. Sisi tunakaa Malvern, upande wa Queensburgh, na kutoka barabarani hadi mlangoni kwetu kuna ngazi 22 za saruji. Idadi naijua vizuri, kwa sababu Jumatano moja ya mwezi wa Julai nilipanda tisa salama, ya kumi ikanishinda.

Siku tatu baadaye nilikuwa na ahadi. Jirani yetu, mama wa Kizulu ambaye ni muuguzi na hufuma kofia na soksi za watoto wachanga, alikuwa amelipia meza kwenye maonyesho ya kazi za mikono katika ukumbi wa kanisa hapa hapa Queensburgh, akanigawia nusu yake. "Lete mikeka yako," aliniambia. "Watu wa hapa hawajaona kitu kama hicho."

Nilikuwa na mikeka mitatu, misala minne, makawa mawili na vikapu sita. Nusu vimesukwa na mama yangu Pangani, nusu nimesuka mwenyewe usiku baada ya kuosha vyombo. Kwa miaka sita niliyokaa nchi hii, hakuna aliyeiona kazi hiyo isipokuwa wageni waliokuja kula pilau kwetu. Kwa hiyo mtanielewa nikisema kwamba niliitamani sana Jumamosi hiyo.

Vitongoji vinne na reli moja

Niwaeleze kwanza tunapokaa, maana wengi mkisikia Durban mnafikiria bahari tu. Queensburgh iko kama kilomita 15 magharibi mwa katikati ya mji. Ni mkusanyiko wa vitongoji, Malvern, Escombe, Northdene na Moseley, vilivyojipanga juu ya vilima kufuata reli ya zamani iendayo Pinetown. Jina lenyewe ni la miaka ya 1950, zama zile Malkia Elizabeth II wa Uingereza alipotawazwa. Escombe nayo imepewa jina la Harry Escombe, aliyekuwa waziri mkuu wa koloni la Natal mwaka 1897.

Enzi za ubaguzi huku kulikuwa kwa Wazungu. Ng'ambo ya mto Umhlatuzana ndiko serikali ilikojenga Chatsworth katika miaka ya 1960 kwa ajili ya watu wenye asili ya India. Siku hizi mtaa wetu una kila mtu. Mkono wa kulia tuna muuguzi wetu, mkono wa kushoto mzee wa Kihindi anayepika achari nje kwenye sufuria kubwa hadi macho yetu yanatoka machozi, na chini yetu familia ya Kizungu yenye mbwa watatu. Asubuhi unaamshwa na ndege waitwao hadeda, ambao hawajui kulia kwa sauti ya chini. Ukisahau dirisha la jikoni wazi, tumbili wanaingia na kuondoka na mkate.

Ni mahali pazuri pa kulea watoto. Lakini si mahali ambapo mgeni anatembea kichwa wazi, na hapo ndipo habari ya mguu wangu inapoanzia.

Kidole na ulimi

Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Mimi Jumatano ile nilijikwaa vyote viwili, na ulimi ndio uliotangulia.

Tulikuwa tumeshuka kwenye teksi na binti yangu, ana miaka 12. Nilibeba furushi la mikeka niliyokuwa nimemwonyesha rafiki yangu mjini. Nikawa namweleza kwa sauti yangu ya kawaida, na sauti yangu ya kawaida ni ya watu wa Pangani waliozoea kuitana ng'ambo ya mto, jinsi tutakavyopanga meza. Akanijibu kwa Kiingereza. Nikaendelea kwa Kiswahili. Akasimama, akatazama nyuma barabarani, akasema, tena kwa Kiingereza, nipunguze sauti, watu wanasikia.

Nilipandwa na hasira. Nilimwambia, "Kama unaionea haya lugha yangu, basi katafute mama mwingine mwenye lugha unayoitaka."

Niligeuka nione uso wake umelipokeaje hilo neno. Nikakanyaga ukingo wa ngazi, mguu wa kushoto ukapinda kwa ndani, nami na mikeka yangu tukaketi chini. Yeye ndiye aliyeninyanyua. Hakusema kitu, wala mimi sikusema.

Usiku, mguu ukiwa umevimba kama andazi, nilikuwa na muda wa kufikiri. Nani alimfundisha mtoto huyu kunyamaza? Ni sisi. Tulipohamia hapa, wenzetu waliotutangulia walitupa wasia. Walitusimulia ghasia dhidi ya wageni za mwaka 2008, zilizoanzia Johannesburg na kufika hadi huku, kisha za Aprili 2015, ambapo Durban yenyewe ilikuwa ndiyo kitovu. Wamalawi, Wakongo, Wasomali na wengine walikimbia vyumba vyao wakalala kwenye mahema, na kambi mojawapo ilikuwa Chatsworth, ng'ambo tu ya mto kutoka kwetu. Kwa hiyo mtoto alipoanza shule, baba yake alimwambia, "Kwenye teksi usiongee Kiswahili." Na mimi nilikuwepo, nikaitikia kwa kichwa.

Mtoto alishika tuliyomfundisha. Siku aliponikumbusha na mimi niyashike, nilimtukana.

Hatua nne

Alhamisi asubuhi jirani yetu alipita kuniangalia kabla ya zamu. Aliuliza swali moja kwanza, kama naweza kwenda hatua nne. Nilikwenda, kwa kuchechemea, nimeshika ukuta. Kisha akabonyeza mifupa miwili inayotokeza pande zote za kifundo, na kuteremka ubavuni mwa wayo. Palipouma ni mbele kidogo ya kifundo, penye nyama, si kwenye mfupa. "Umeteguka tu," akasema. Alinieleza kwamba mtu asiyeweza kukanyaga hatua nne, au ambaye mfupa wenyewe unauma ukibonyezwa, huyo asisubiri, akapigwe picha ya eksirei. Ninawaandikia hili makusudi, kwa sababu najua huku ughaibuni wengi wetu tunaogopa kwenda hospitali, wengine kwa ajili ya gharama, wengine kwa ajili ya karatasi.

Akaniagiza barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, dakika 15 hadi 20 kwa wakati, mara kadhaa kwa siku, bandeji isiyobana hadi vidole vikafa ganzi, na mguu ukae juu ya mto nikiwa nimelala. Mama yangu kwenye simu aliagiza kinyume chake kabisa, maji ya moto, chumvi na kukandwa kwa nguvu na shangazi yeyote aliye karibu. Nilimwambia shangazi aliye karibu yuko Tanga. Muuguzi alipotafsiriwa alicheka, akasema hata bibi yake angesema hivyo hivyo, lakini siku mbili tatu za kwanza moto na kukanda huzidisha uvimbe. Kukanda kungesubiri.

Ijumaa usiku baba wa mtoto alisema nisiende. "Utasimamaje siku nzima kwa mguu mmoja?" Binti yangu, ambaye tangu Jumatano alikuwa akiniongelesha kwa maneno ya lazima tu, akasema, "Atakaa. Mimi nitatembea."

Alisema kwa Kiingereza. Lakini alisema.

Kukaa mahali pamoja

Saa tatu asubuhi nilikuwa nimeketi nyuma ya meza, mguu wa kushoto juu ya kreti ya soda lililowekwa mto wa kochi. Jua la Julai Durban ni la baridi ya kupendeza, lakini ndani ya ukumbi mliangaza taa ndefu, na harufu ilikuwa ya sabuni za kutengeneza nyumbani, kahawa na mafuta ya kukaangia.

Kwa kawaida mtu huenda kwenye maonyesho kutembea. Anapita meza moja, anagusa, anauliza bei, anasema nitarudi, harudi. Mimi sikuweza. Nilichoweza kuona ni meza tano zilizonizunguka na migongo ya watu. Mengine yote niliyaona kwa macho ya binti yangu. Nilimpa simu nikamwambia azunguke, apige picha, aje anisimulie.

Alirudi mara ya kwanza na orodha. Kulikuwa na mablanketi ya viraka, kazi ya akina mama wa Kizungu waliokuwa wanashona huku wanauza. Kulikuwa na bakuli za mbao zilizochongwa kwa mashine, jemu za kila tunda, na koeksister, yaani unga uliosukwa kama msuko wa nywele, ukakaangwa na kuchovywa kwenye sharubati ya sukari. Kulikuwa na bibi wa Kihindi anayeuza samoosa. "Mama, ni sambusa," akaniambia, "pembe tatu ndogo ndogo." Ni zile zile, zimefika Durban na Wahindi walioletwa kuanzia mwaka 1860 kulima miwa, na zimefika kwetu kwa majahazi. Nilimtuma akalete sita.

Mara ya pili alirudi na picha za meza ya kijana anayesuka nyaya za simu. Kama hujawahi kuziona, ni sahani na bakuli za rangi kali, nyekundu, bluu, kijani, zimezungushwa kwa waya mwembamba uliovishwa plastiki, hadi ukitazama katikati macho yanazunguka. Chanzo chake kinasimuliwa hapa Durban na kila mtu. Walinzi wa usiku, wengi wao watu waliotoka mashambani kutafuta kazi, walikuwa wakiokota mabaki ya nyaya za simu na kuyasukia kwenye fimbo zao ili usiku uende. Kutoka kwenye fimbo ikaja imbenge, kifuniko cha duara ambacho kwa asili husukwa kwa majani au mitende kufunikia chungu cha pombe ya kienyeji. Siku hizi zimo kwenye majumba ya makumbusho na maduka ya kifahari ng'ambo.

Nilichukua kawa letu moja mezani, lile la mama lenye mistari ya zambarau, nikamwambia binti yangu, "Na hili ni imbenge yetu. Wao hufunika pombe, sisi hufunika chakula." Aliligeuza mkononi. Nyumbani limekaa juu ya friji miaka yote, sidhani kama aliwahi kulishika.

Unyawo na unyayo

Meza ya kulia kwangu alikuwa ameketi bibi mmoja wa Kizulu, gogo kama wanavyosema hapa, amefunga kitambaa kichwani na shali begani. Alikuwa akisuka kikapu bila kutazama mikono yake, akitazama mguu wangu.

"Phephisa, mama," akaniambia. Hilo neno ni pole. Nimeishi nchi nyingine ambako mtu akiumia anaambiwa maneno marefu yasiyofika. Wazulu wana pole, neno moja, na ukiambiwa unajisikia umeambiwa.

Akaonyesha kwa kidole. "Unyawo lubuhlungu?"

Kizulu changu ni cha sokoni, lakini hapo sikuhitaji mkalimani. Unyawo. Sisi tuna unyayo, tuna nyayo, tuna wayo. Nilimwonyesha mguu nikasema "unyayo", yeye akasema "unyawo", tukarudiana mara tatu kama watoto, tukacheka wote wawili. Binti yangu alikuwa amesimama kati yetu na sambusa mkononi.

"Mama," akanong'ona, "anaongea Kiswahili?"

"Hapana. Lakini babu zetu walikaa nyumba moja zamani."

Bibi akamgeukia. Akaugusa mkeka uliotandikwa mezani, akamuuliza kwa Kiingereza cha taratibu sisi tunauitaje. Binti yangu alinitazama. Nililijua tazamo lile, ni lile la ngazini, la kuuliza nani anasikia. Nikamwambia, "Sema tu, mwanangu."

"Mkeka," akasema, kwa sauti ndogo.

"Sisi ni icansi," bibi akajibu. Akaanza kumhesabia mistari ya rangi kwenye mkeka kwa Kizulu, kubili, kuthathu, kune, na mtoto akawa anamjibu mbili, tatu, nne, akishangaa kila namba inavyofanana. Walipofika tano na kuhlanu sauti yake ilikuwa imeshapanda.

Nilijifunza mengi kwa bibi yule kwa kuwa sikuwa na pa kwenda. Alinieleza kwamba icansi husukwa kwa nyasi za majini ziitwazo incema, na kwamba kila mwaka mwezi wa Mei watu huruhusiwa kuingia kuzivuna kwenye eneo la iSimangaliso, kaskazini, ile hifadhi iliyoingizwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1999. Bibi harusi wa Kizulu hupeleka mikeka hiyo kwa wakwe zake, pamoja na mablanketi, siku ya sherehe iitwayo umabo. Nilimwambia kwetu nako bi harusi haingii nyumba tupu, na mkeka mzuri ni miongoni mwa vitu vyake.

Vikapu vyake vilikuwa vya ilala, ule mtende wa porini ambao sisi tunauita mkoma, ambao majani yake watu wa pwani huyasukia pia. Ukindu nao wanao, mti wake kwao ni isundu. Malighafi ni moja, ila mikono imekwenda njia mbili. Sisi tunachana majani, tunayakausha, tunayachovya kwenye rangi inayochemka, tunasuka ukili mrefu kama utepe, kisha tunaushona ukili kwa ukili hadi unakuwa mkeka. Wao huanza na kitovu kidogo chini ya kikapu, wakazungusha na kufunga, wakazungusha na kufunga, mzunguko juu ya mzunguko. Rangi zao hutoka kwenye mizizi, magome na majani. Wasukaji wa Hlabisa, huko kaskazini, wamesifika dunia nzima kwa vikapu vilivyobana hadi vinaweza kushika pombe isivuje. Bibi alinipa kimoja nikishike. Nilikiinamisha kwenye mwanga wa taa, sikuona tundu hata moja.

Naye akachukua msala wangu akaugeuza upande wa nyuma. Wasukaji wote duniani hutazama nyuma kwanza. Alikaa nao kitambo, kisha akasema neno moja lililonifurahisha kuliko mauzo yote ya siku ile: "Safi."

Mzee wa kutoka ng'ambo ya mto

Karibu na adhuhuri alikuja mzee mwenye kofia nyeupe na fimbo. Alipita meza yetu, akarudi. Aliutazama msala, akatusalimia, "Assalamu alaykum," nikamwitikia. Akauliza msala umetoka wapi. Nikasema Pangani, Tanzania, ng'ambo tu ya Zanzibar.

Mzee akashika ukingo wa meza. "Zanzibar," akasema. "Sisi ndivyo tunavyoitwa."

Nilikuwa nimewasikia, lakini sikuwahi kukutana nao. Niwasimulie kwa kifupi. Mwaka 1873, mwaka ule ule Sultani Barghash alipolazimishwa kulifunga soko la watumwa Unguja, meli ya kivita ya Waingereza iitwayo HMS Briton ilileta Durban zaidi ya watu 100 waliookolewa kwenye majahazi ya watumwa. Wengine walifuata miaka iliyokuja, hadi wakafika mamia. Wengi wao asili yao ilikuwa Wamakua wa kaskazini mwa Msumbiji, lakini kwa kuwa walipitia Zanzibar, huku wakaitwa Wazanzibari. Kuokolewa kwenyewe hakukuwa uhuru kamili, maana walipofika walifungwa mikataba ya kazi ya miaka mitano. Baadaye walijijengea makazi King's Rest, kwenye rasi ya Bluff, na Uislamu wao na lugha yao. Kisha ikaja sheria ya ubaguzi ya kugawa maeneo kwa rangi. Serikali haikujua iwaweke fungu gani watu hawa Waafrika, Waislamu, wasio Wazulu, na katika miaka ya 1960 wakang'olewa Bluff na kupelekwa Bayview, Chatsworth.

Mzee alikuwa mtoto wakati huo. Alisema kilichomuuma mama yake si nyumba, ni miti ya maembe waliyoiacha. Alisema nyumbani kwao wazee walikuwa wakisema Kimakua usiku, na Kizulu na Kiingereza mchana, ili wasiulizwe maswali.

Nilimtazama binti yangu. Alikuwa anasikiliza, ameacha kula.

"Na sasa?" akamuuliza mzee. "Bado mnasema?"

"Wachache," mzee akajibu. "Ukiificha sana, siku unayotaka kuitoa huioni ulikoiweka."

Alinunua msala. Nilimpunguzia bei, akakataa, akalipa yote.

Si wote waliopita meza yetu walikuwa kama yeye. Muda mfupi baadaye mwanamume mmoja alituuliza tunatoka wapi, na tulipomjibu akamwambia mwenzake, kwa sauti ya kutosha kusikika, kwamba sasa hata humu wamefika. Moyo wangu ulipiga. Jirani yangu muuguzi akafungua mdomo, lakini bibi wa vikapu alimtangulia. Bila kuacha kusuka alisema sentensi moja ya Kizulu, fupi. Yule bwana akatikisa kichwa, akaondoka.

"Amesema nini?" nikauliza.

"Amesema, huyu ni wangu, anasuka," muuguzi akanitafsiria.

Mkitaka kwenda

Kwa wanafunzi na familia mlio Durban au mnaotarajia kuja, maonyesho madogo ya namna hii hufanyika makanisani na mashuleni vitongojini, na kujua habari zake ni kutazama mabango ya barabarani na kuwauliza majirani. Nendeni mapema, kabla sambusa hazijaisha. Bebeni pesa taslimu za noti ndogo. Ukitaka kuuza, omba kwanza nusu meza ya mtu anayejulikana, maana anayekutambulisha ni nusu ya biashara. Ukiwa na mguu uliotegu­ka kama wangu, chagua kona isiyopitwa na watu wenye vigari vya watoto, vaa kiatu kigumu cha kufunga kamba badala ya ndara, na usione haya kuomba kreti. Kila baada ya saa moja niliuchezesha mguu polepole juu na chini usikakamae.

Na kama unao watoto, usiwaache nyumbani.

Ngazi 22

Tulifunga saa tisa. Nilikuwa nimeuza msala mmoja, vikapu vitatu na kawa moja, jumla randi 1,150. Kawa la mistari ya zambarau halikuuzwa, kwa sababu binti yangu alikuwa amelificha chini ya meza. Bibi wa vikapu alinipa fungu la ilala likiwa limefungwa kwa uzi, nikajaribu kulisuka kwa mkono wetu, nami nilimwachia kipande cha ukili apime kwa mkono wao. Sijui nani atamshangaza mwenzake.

Jioni tulisimama chini ya zile ngazi. Baba yake alikuwa ametangulia na mizigo. Binti yangu akaniwekea bega, nikalishika, tukaanza kupanda, mguu mzima kwanza, mbovu ukifuata. Kwenye ngazi ya kumi nilisimama.

"Mwanangu," nikamwambia, "lile neno la Jumatano halikuwa neno la mama. Nisamehe. Na lile la kwenye teksi tutalizungumza upya na baba yako. Kuna mahali pa kunyamaza, lakini hatukukuambia kwamba kuna mahali pa kusema."

Alikaa kimya kidogo. Chini barabarani watu wawili walikuwa wanapita. Aliwaona, nami niliona kwamba amewaona.

"Unyayo bado unauma?" akaniuliza, kwa Kiswahili, kwa sauti ya watu wa Pangani.

"Unauma kidogo," nikasema.

"Basi twende polepole. Zimebaki 12."